Bunduki Namba Kumi na Saba

Akiba haiozi, walisema wahenga.
Hawakuwajua mchwa wa Hombolo.
Nimefungua stoo mwezi wa saba, upepo ukinisukuma mgongoni
kama mtu anayetaka kuingia kwanza,
na sanduku la mikanda limebaki umbo tu:
nililigusa, likawa vumbi.

Mimi ndiye mtunza vifaa vya mgambo wa kata.
Cheo changu ni funguo mbili na kalamu inayokwaruza.
Daftari ni la shule, lina jedwali la kuzidisha nyuma,
na humo imeandikwa mali yote ya ulinzi wetu:
filimbi sita, moja haina kokwa;
bunduki za mti arobaini, zilizochongwa kwa vitanda vya zahanati;
kamba ya katani, mita hamsini, iliazimwa msikitini
kuopoa ndoo kisimani, ikarudi arobaini na tatu;
buti, jozi kumi na nane na mguu mmoja wa kushoto.
Watu ni arobaini na mmoja.

Kwa hiyo buti huenda kwa zamu.
Siku ya Jumanne anavaa Chilongani, mwashi,
Alhamisi Nyemo wa mgahawa wa stendi,
anayesokota magazeti na kuyashindilia mbele
mpaka vidole vipate pa kugota.
Ngozi imejifunza miguu ya watu wawili,
haimkai sawasawa hata mmoja.
Sajini Lemanya, mstaafu, na goti lake bovu,
hutazama mstari ukija:
buti, ndala, buti, kobazi za tairi.
Hufumba macho.
"Hatua naisikia," husema. "Viatu vitakuja."

Vitakuja. Nimeandika barua nne.
Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa.
Ya pili, kwamba ya kwanza inashughulikiwa.
Huko mjini, nasikia, kuna aliyeuliza:
nchi ina amani, buti za nini?

Sina jibu la kupigwa muhuri.
Nina usiku mmoja tu wa masika,
korongo lilipoamka bila hodi
likakuta nyumba ya Mbeleje njiani.
Filimbi tano zililia. Ya sita, isiyo na kokwa,
ilitoa pumzi ya Nyemo na pumzi tu.
Tukarusha kamba ng'ambo.
Ilipungua mita sita.
Chilongani akaingia majini
akawa hizo mita sita.

Alitoka na watoto wawili
na buti moja mguuni.
Asubuhi nilisahihisha daftari.

Sasa mkaguzi anakuja Ijumaa.
Nimehesabu bunduki mara tatu, thelathini na tisa,
mara ya nne nikazipanga ukutani kama wagonjwa:
haipo kumi na saba.
Kumi na saba ni ya Ndahani,
mtu wa kuchelewa gwaride na kuomba radhi kwa bashasha.
Nikafunga stoo, nikashika njia ya mashamba
na maneno makali nimeyapanga mdomoni.

Nikaiona kabla ya kumwona yeye.
Imesimama wima katikati ya mizabibu,
kitako ardhini, mtutu chini ya waya,
namba yake nyekundu imeangalia jua.
Juu yake tawi limelemewa,
vishada vyeusi vimegusana mabega
kama kuruta mstari wa mbele.

Ndahani akaruka kuing'oa, "Samahani, afande,
nguzo ilianguka, nikasema ni siku mbili tatu..."
Waya ukalegea. Mzabibu wote ukashusha pumzi.
Nikasema: "Iache."

Pale pale, daftari juu ya goti,
kalamu ikikwaruza, nikaandika:
Namba kumi na saba, ipo lindo.

Mkaguzi ataniuliza lindo gani.
Nitampeleka akaone.
Ila aje na buti zake.
Njia ile ina miiba.